Kibali cha Kuchoma Moto Kijijini: Tathmini ya Huduma Baada ya Misimu Mitatu

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mvua za vuli zinapoanza, serikali ya kijiji nilikonunua shamba, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, hutoa kibali cha kuchoma moto shambani. Nimekitumia kibali hicho misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, kwa eka tatu za pamba na kwa kusafisha kingo za eka mbili za miti ya misindano (paini) niliyoipanda mwaka 2016. Kwa kuwa wakazi wengi wa jijini wanatafuta mashamba upande huu siku hizi, hasa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nimeona niandike kwa kirefu jinsi huduma hii inavyofanya kazi, gharama zake, mahali ilipoanguka na mahali ilipotengemaa. Kijiji sitakitaja, kwa sababu mapungufu niliyoyaona hayakuwa ya mtu mmoja na mengi yamekwisha kurekebishwa.

Msingi wa kibali ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inazuia kuchoma uoto bila idhini na inawapa wasimamizi mamlaka ya kuwaita watu walio karibu wasaidie kuzima moto uliotoroka. Juu ya sheria hiyo ya nchi, kijiji kina sheria ndogo zake. Za kwetu zinataka fomu ijazwe kwa Mtendaji wa Kijiji, majirani wote mnaopakana waweke saini, kamati ya mazingira ilikague shamba kabla ya siku yenyewe, na mjumbe mmoja wa kamati awepo moto unapowashwa. Ada ni shilingi 5,000 kwa shamba, na stakabadhi hutolewa papo hapo. Fomu ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na asiyejua kusoma husomewa yote kabla ya kuweka dole gumba.

Ili msomaji wa mjini aelewe kwa nini foleni ya kibali huwa ndefu, inabidi aijue kalenda ya pamba. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa anatakiwa kung'oa miti ya pamba na kuchoma masalia yake ifikapo Septemba 15, ili funza wa vitumba wasipate pa kujificha hadi msimu unaofuata. Agizo hilo lina faida, na nimeiona tofauti shambani kwangu mwenyewe. Lakini katikati ya Septemba ndipo nyasi za vilimani zimekauka kiasi cha kuvunjika mkononi, mvua ya vuli haijafika, na wachungaji wanahangaika kutafuta majani mabichi. Idara moja inamwambia mkulima achome, idara nyingine inamwambia achunge asichome, na mahali pekee ambapo maagizo haya mawili hupatanishwa ni mezani kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtu anayekiona kibali kama usumbufu wa shilingi elfu tano hajajua kazi kinayobeba.

Msimu wa 2023 nilipata kibali ndani ya dakika ishirini. Wakati ule niliona ni huduma ya haraka na nikaisifia. Aliyekuwa ofisini hakuuliza majirani wangu ni akina nani wala shamba limeelekea wapi; aligonga mhuri, akaandika Septemba 9, akanitakia kazi njema. Mkaguzi hakuja. Msimamizi niliyeahidiwa alipiga simu saa tatu asubuhi akasema amepata msiba, nianze tu, atanikuta huko huko. Nikaanza, nikiwa na vijana wanne, mafyekeo mawili na ndoo ya maji.

Wanaoishi mwambao wa ziwa wanaujua mwendo wa upepo wetu, lakini kibali cha mwaka ule hakikuwa na hata mstari mmoja unaouhusu. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa kuwa ardhi hupoa upesi kuliko maji. Jua likipanda, ardhi hupata joto, upepo hutulia kwa muda, kisha adhuhuri hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kwenda bara, na kadiri alasiri inavyosogea ndivyo unavyozidi nguvu. Kwa shamba lililo kati ya ziwa na kilima kama langu, anayechoma alfajiri anausukuma moto kuelekea majini. Anayechoma adhuhuri anausukuma kwenye nyasi, kwenye miti na kwenye nyumba za watu. Sisi tulichelewa kukusanya masalia, tukawasha rundo la mwisho saa sita na nusu mchana.

Nakumbuka jani moja la pamba lililokuwa likiwaka pembezoni tu, mstari mwembamba mwekundu. Lilinyanyuka juu ya rundo, likapita juu ya vichwa vyetu polepole, likatua kwenye nyasi za jirani, hatua thelathini hivi kutoka tulipokuwa. Kijana aliyekuwa karibu alikimbia na tawi bichi. Alipofika, nyasi zilikuwa zimeshika kwa upana wa kitanda. Alipopiga mara ya tatu, upana ulikuwa wa nyumba. Moto ukapanda kilima kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo kwa miguu, kwa sababu moto unaopanda mteremko huzikausha nyasi zilizo juu yake kabla ya kuzifikia. Uliishia kwenye majabali, yale mawe makubwa yaliyopangana ambayo kila aliyefika Mwanza anayajua, kwa kuwa huko haukukuta cha kuunguza. Nilipoteza robo ya misindano yangu. Jirani alipoteza mizinga sita, na familia mbili zilipoteza sehemu ya ngitili, yaani malisho waliyoyafungia tangu masika ili ng'ombe wao wapate kula mwezi Oktoba. Hakuna aliyeumia. Niliwalipa wote, na mzee mwenye mizinga hakutaka zaidi ya thamani ya mbao. Kuhusu nyuki alisema, "Hao watarudi wenyewe, mwanangu. Wewe kwanza kaa unywe maji."

Kibali kilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Kilikuwa halali, kina mhuri na saini, na stakabadhi yake ninayo hadi leo.

Baada ya tukio lile nilisoma sana habari za mioto ya nchi nyingine, na moja imenikaa moyoni. Huko California, Marekani, Novemba 8, 2018, moto uliopewa jina la Camp Fire uliuangamiza mji wa Paradise, ukaua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000. Chanzo chake kilikuwa kulabu ya chuma kwenye mnara wa umeme. Ilikuwa imening'iniza waya kwa karibu miaka 100, ikilika kidogo kidogo, hadi asubuhi ile ilipokatika. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilikuwa na taratibu zake za ukaguzi, lakini kulabu ile haikuwa imetazamwa kwa karibu kiasi cha kumwonyesha mtu kwamba imekwisha. Mwaka 2020 kampuni ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kutunga sheria, mwaka 2018 na 2019, za kuzibana kampuni za umeme ziwasilishe mipango ya kupunguza hatari ya moto na kuifuata, na mwaka 2021 ikaanzisha ofisi maalumu ya kuzisimamia. Mwenye nyumba naye katika maeneo ya hatari anatakiwa kudhibiti uoto hadi futi 100, kama mita 30, kuizunguka nyumba yake, na wakaguzi hupita kuangalia. Utajiri wao na wetu haulingani hata kidogo. Hata hivyo, swali lililoulizwa juu ya ule mnara ndilo nililojiuliza nikiwa nimesimama kwenye kilima cheusi: nani alikuja akaona kwa macho yake?

Mwaka 2024 kijiji kilipata Mtendaji mwingine, mama wa makamo, na huduma ikabadilika kiasi kwamba ni vigumu kuiita kwa jina lile lile. Nilikwenda ofisini wiki ya pili ya Juni.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba. Majirani wako wapi?"

Nilimwambia nimeleta saini zao zote. Akaitazama fomu, akairudisha. "Saini zitakaa kwenye faili, kaka yangu. Mimi nataka watu wenyewe."

Ilinibidi nirudi siku ya pili na majirani watatu, akiwemo mzee wa mizinga. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi kwa karibu saa nzima, na Mtendaji akamwuliza kila mmoja ana nini upande wa shamba langu, nyumba ya nani iko karibu, na siku gani hatakuwepo. Tarehe ikapangwa baada ya hapo. Kibali kilipoandikwa, kilikuwa na saa: kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwisho saa nne, na baada ya saa nne hakuna rundo jipya linalowashwa hata kama limebaki moja. Zaidi ya hayo, Mtendaji alikuwa ameweka kikomo cha vibali vinne kwa siku katika kijiji kizima, na waliotaka kusafisha nyasi za vilimani aliwapangia Juni na mapema Julai, nyasi zikiwa bado na ubichi chini na moto ukiwa hauna nguvu. Watu wa misitu huita utaratibu huo uchomaji wa mapema. Wiki ya mwisho kabla ya Septemba 15, ambayo zamani moshi wake ulifunika njia, ilibaki na mashamba machache tu.

Ukaguzi ulifanywa na mzee mmoja wa kamati pamoja na binti aliyebeba daftari. Walitembea mpaka wote wakipima njia ya kuzuia moto kwa hatua, na upande wa mashariki wakasimama. Nilikuwa nimefyeka vizuri kwa upana unaotakiwa, lakini nyasi zilizofyekwa nilikuwa nimeziacha pale pale. Mzee aliinama, akaokota fungu la nyasi kavu, akaliweka mkononi mwangu bila kusema neno. Nikaelewa. Njia ya kuzuia moto ni udongo mtupu. Nyasi zilizolazwa chini ni kuni. Walinikatalia kibali siku ile, nami nililipa vijana wanne kwa siku mbili zaidi, shilingi 10,000 kila mmoja kwa siku, wakwangue kwa majembe na kuondoa takataka zote kwa reki. Mtu anayepanga bajeti ya shamba aijumlishe gharama hiyo tangu mwanzo, maana ni kubwa mara nyingi kuliko ada ya kibali.

Siku ya kuchoma, mzee alifika kabla yangu. "Mwangaluka," akanisalimu, akaendelea na kazi yake. Alichukua majivu ya jikoni aliyokuja nayo kwenye kopo, akayaachia yadondoke kutoka usawa wa kifua na kuyatazama yanakoelekea. Tukasubiri. Baada ya robo saa akarudia, na majivu yakaenda ziwani vile vile. Ndipo akawasha, na aliwasha upande wa ziwani, ule ambao upepo unauelekea, ili moto urudi nyuma dhidi ya upepo, ukitambaa polepole na kuacha ukanda mweusi nyuma yake. Ukanda ulipokuwa mpana vya kutosha akaruhusu upande wa juu uwashwe, na mioto miwili ikakutana katikati ya shamba ikakosa cha kula. Pembeni walisimama vijana wawili wenye mabomba ya kupulizia dawa za pamba, yameoshwa na kujazwa maji, lita 16 kila moja. Sikuwahi kufikiria chombo hicho kwa kazi hiyo, ingawa kila kaya ya wakulima wa pamba inacho ukutani. Wengine walikuwa na vipande vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa kwenye mipini, ambavyo hufaa kuliko matawi kwa sababu havishiki moto upesi na huufunika badala ya kuutawanya.

Saa tatu na robo kazi ilikuwa imekwisha. Nilidhani msimamizi angeondoka. Alibaki hadi saa nane, upepo ulipokwisha kugeuka, na kesho yake alfajiri alirudi. Alipita kwenye kila kisiki akisogeza mgongo wa mkono wake juu ya majivu, karibu kabisa bila kugusa. Kwenye kisiki cha nne akasimama. Juu hapakuwa na moshi wala kaa jekundu, lakini tulipofukua, mzizi ulikuwa ukiungua chini kwa chini kuelekea nje ya njia ya kuzuia moto. Tulimwaga maji, tukakoroga na udongo mpaka ikawa tope, tukamwaga tena. Mzizi ule ungeibukia kwenye nyasi za jirani siku mbili au tatu baadaye, na kila mtu angesema moto umetoka kwa wachungaji.

Yapo mambo ambayo fomu haiyasemi lakini ndiyo yanayoibeba huduma hii. Viongozi wa Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hupewa orodha ya vibali vya wiki, na mwano, yaani yowe la kuitana wakati wa hatari, ukipigwa mahali ambapo hakuna kibali siku hiyo, hakuna anayebaki nyumbani akidhani ni moto wa mtu mwenye ruhusa. Ngitili nazo zimechorwa kwenye ramani ya kijiji iliyobandikwa ofisini. Wasukuma walifunga ngitili zamani sana, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 na kuendelea hadi 2004, ulipoamua kuzifufua, ulitegemea makubaliano ya wazee na wanavijiji kuhusu nani aingize ng'ombe na lini. Kuziona ngitili kwenye ramani ile ile ya moto kulinipa imani kuliko mhuri wowote, kwa sababu mwenye malisho ya kupoteza ni mlinzi asiyehitaji posho.

Msimu wa 2025 niliongeza kitu changu mwenyewe. Shirika la anga la Marekani, NASA, hutoa bure taarifa za moto zinazonaswa na setilaiti, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha apokee za eneo lake kwa barua pepe. Agosti nilipata taarifa tatu za kilimani, nikampelekea Mtendaji, na hakuna hata moja iliyokuwa na kibali. Nawashauri wengine wajiandikishe, lakini wasitarajie chombo hiki kifanye kazi ya mzee mwenye kopo la majivu. Kipimo cha setilaiti za sasa ni kama mita 375 kwa kila doa, na hupita juu yetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Rundo linalowashwa saa moja asubuhi na kuzimwa saa tatu halionekani kabisa, na taarifa hufika saa kadhaa baada ya setilaiti kupita. Ni chombo cha kumwonyesha Mtendaji sehemu ambazo huduma yake haijafika.

Na sehemu hizo zipo. Vibali ni vya wakulima, ilhali mioto mingi ya vilimani huwashwa na wanaotafuta malisho mapya, warina asali wanaoacha mienge ikifuka, na wachoma mkaa. Hao hawajawahi kuitwa kwenye benchi la ofisi. Wanatajwa kwenye mikutano kama watuhumiwa tu, na mtu hawezi kufuata ratiba ambayo hakuishiriki. Wachungaji wawili niliozungumza nao walisema wangekubali kuchomewa eneo lao Juni chini ya usimamizi kama wangeambiwa mapema. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na sioni kwa nini lisizibwe msimu ujao.

Vifaa navyo havitoshi. Mashamba ya miti ya serikali mkoani kwetu, kama Buhindi na Rubya ya Ukerewe, yapo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, wenye wataalamu wa kazi hiyo. Sisi wenye eka mbili tunategemea mabomba ya kuazima. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji imeandikwa kwenye ukuta wa ofisi, na daraja limetuondolea kusubiri kivuko, lakini gari la zimamoto halipandi kilima cha mawe, na nyasi kavu haziwezi kusubiri liondoke jijini. Wajumbe wa kamati hawalipwi chochote. Mzee aliyenisimamia alipoteza siku mbili za kazi yake kwa ajili ya shamba langu, na nilimpa nauli na chakula kwa hiari yangu, jambo ambalo linaweza kumfanya asiye na uwezo aone aibu kuomba kibali. Ada ya shilingi 5,000 ingeweza kugharimia hilo, ila mapato yake hayajasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji katika misimu yote mitatu. Sisemi yameliwa. Nasema yasomwe.

Kwa msimu wa 2023 naipa huduma hii nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa ajili ya fomu nzuri. Kwa 2024 na 2025 naipa nne. Ya tano naishikilia hadi wachungaji wakae kwenye benchi lile na hesabu ya ada ibandikwe kando ya ramani.

Anayetaka kuitumia aende Juni, asingoje Septemba. Mtendaji hupatikana Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku nyingine huwa kwenye vitongoji. Beba kitambulisho, ada taslimu, na mchoro wa shamba hata kama umeuchora kwa kalamu ya mtoto, ukionyesha ziwa liko wapi na nyumba ziko wapi. Kwangua njia ya kuzuia moto kabla ya kumwita mkaguzi, osha mabomba, na usiende peke yako: nenda na majirani wako.